Bi Moza Haangui Korosho

Mashine ilishachora wanawake arobaini, na wote arobaini walikuwa wamenyoosha mkono mtini. Naima aliwatazama kwenye kompyuta kwa hasira. Alikuwa ameiandikia kwa adabu, akaiandikia kwa ukali, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: mwanamke wa kijijini kwao Milola, ameinama, anaokota korosho chini. Akili bandia ikang'ang'ania kumletea mama mwenye kilemba anayeangua mabibo, matunda ya mkorosho, kama machungwa. Alipokazia neno kuinama, ikamletea kikongwe mwenye mkongojo, naye mkono mmoja juu mtini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kampuni moja ya michezo ya simu huko Dar es Salaam. Walitaka wahusika kumi na wawili wa pikseli, yaani watu wadogo waliojengwa kwa vidoti vya mraba, wa kuishi kwenye shamba la mchezo. Naima aliwatoa kwenye mashine, kisha akawasafisha mwenyewe kidoti kwa kidoti, maana mashine haioni haya kumpa mtu vidole sita. Kumi na mmoja walikuwa tayari. Wa mwisho alikuwa mama yake, Bi Moza, kwa jina lake na kanga yake ya zambarau. Alishamwahidi, na Bi Moza alishawatangazia majirani wote kwamba anaingia kwenye simu za watu.

Saa nane mchana Augustine, msimamizi wa kazi, ambaye alishatumiwa mojawapo ya picha hizo, akapiga simu.

"Mdogo wangu, huyo wa mkono juu anatosha. Nimeshamweka na jina lake."

"Korosho haianguliwi, kaka. Inaachwa idondoke, ndiyo inaokotwa."

"Nani atajua? Mchezaji wa mjini, wa Sinza?"

Naima akaaga. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana tangu amalize chuo, na Augustine alishamdokezea mchezo wa pili. Akajiambia vidoti ni vidoti tu. Akatoka na simu hadi uani, mama yake alikokuwa anatenganisha korosho na mabibo.

Bi Moza akafuta mikono, akaangalia. Tabasamu likamkauka.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na hapo niko kwenye mti wa nani?"

Pale kwao mwenye shamba hungoja korosho ianguke. Anayepeleka mkono juu, bibo lingali bichi, ni mwizi anayemuwahi mwenye mali.

"Miaka thelathini nimeinama kwenye mikorosho yangu," alisema Bi Moza, "sijagusa tawi la jirani. Leo mwanangu wa kumzaa ananifanya mwizi."

Aibu ilimshika Naima mwili mzima, na nyuma ya aibu zikaja hasira. Alijikasirikia mwenyewe kwanza. Akaingia ndani, akaifunga ile akili bandia, akaleta kompyuta uani, akafungua ukurasa mtupu wenye miraba thelathini na miwili kwa thelathini na miwili.

"Inama, mama. Okota kama unavyookota."

Bi Moza akainama, miguu imenyooka, mkono mmoja kwenye ndoo. Naima akaanza na mgongo. Akaweka kiuno, kanga, kisha vidole vinavyolizungusha bibo hadi korosho ing'oke. Alasiri ikaadhiniwa, ikapita, na picha ikawa inatembea. Akaituma.

Augustine hakukawia kupiga.

"Sasa mchezaji akae anangoja korosho idondoke? Mchezo utapoa!"

"Angoje. Sisi tunangoja."

"Basi natumia yule wa kwanza."

"Mtumie, ila jina la mama yangu litoke. Likibaki, nawaondoa wote kumi na mmoja. Sijasaini karatasi yoyote ya kuwakabidhi, kaka."

"Naima, unaitupa kazi hivi hivi?"

"Kazi nitatafuta nyingine. Mama sina mwingine."

Simu ikakatwa. Baada ya muda ukaingia ujumbe mfupi: jina limefutwa, na mchezo wa pili amepewa mtu mwingine. Naima aliusoma mara mbili. Ulimuuma, tena sana, lakini hakujibu.

Akamgeuzia mama yake kompyuta. Mwanamke mdogo wa zambarau akainama, akaokota, akazungusha, akatia ndooni, akainama tena. Bi Moza alimkodolea macho, kisha akatazama wingu lililokuwa linajikusanya juu ya shamba.

"Mwambie akaze mikono," alisema. "Mvua hiyo inakuja, na korosho zangu bado ziko chini."