Uzi wa Njano Kwenye Meno ya Fundi

Fundi alikuwa na sheria moja tu mezani, lakini aliilinda kuliko askari wa benki: embe ni tunda. Linaliwa baada ya chakula, kwa mkono, ukiwa umeinama ili usichafue shati. Embe likishaingia kwenye sufuria yenye chumvi, yeye hayumo.

Sasa hebu fikiria mtu kama huyo ajaliwe binti kama Mwiko.

Jina hilo alipewa na mafundi wa gereji ya jirani, kwa urefu wake na wembamba wake. Alikuwa mpishi wa hoteli mpaka asubuhi moja alipokuta lango limepigwa kufuli na mwenye hoteli hapatikani kwenye simu. Siku hiyo alilia mpaka kope zikavimba. Kesho yake akanawa uso, akatandika meza kando ya barabara na kuanza kuwauzia wale wa gereji chakula cha mchana. Na kilichowaleta kilikuwa embe hilo hilo. Bichi alilikwaruza ndani ya mchuzi wa samaki badala ya ndimu. Bivu alilipondaponda na tangawizi na pilipili, akapikia kuku. Watu wazima walilamba vidole vyenye grisi ya magari, na hakuna aliyeugua.

Ila meza ya barabarani haina paa, na mvua zilikwishaanza kutuma salamu. Wiki iliyopita wingu moja, tena dogo, liligeuza sufuria nzima ya wali kuwa uji. Zikianza zenyewe, biashara imekwisha.

Alihitaji chumba, na chumba kilikuwepo: kile cha mbele, nyumbani kwa baba yake, chenye mlango unaotazama barabara. Humo cherehani ilikaa imefunikwa shuka kama mgonjwa. Fundi hakuwa ameshona kitu tangu mwaka jana. Ukimuuliza kama ni macho, anakuja juu.

"Macho yangu yana nini? Sindano za siku hizi ndizo mbovu. Wanatoboa matundu madogo makusudi. Ubahili wa viwandani!"

Mwiko alipoomba chumba, mzee alikoroga chai mpaka ikapoa.

"Jumapili nipikie," alisema mwishowe. "Chakula cha watu, si vituko vyako vya barabarani. Nikimaliza sahani, chumba chako. Lakini nikiona embe, hata kivuli chake, hatutazungumza tena habari hizo."

"Hata la kumalizia mlo, baba? Lile la maziwa na sukari?"

"Hilo ni tamu. Tamu ni ruhusa."

Jumapili asubuhi Mwiko aliingia jikoni na nia safi kabisa. Mungu anajua. Akamkaanga kuku, akamwekea vitunguu, nyanya na tangawizi, na pembeni akabandika mchuzi wa samaki. Akaonja. Akaongeza chumvi. Akaonja tena, uso ukamshuka.

"Vipi?" aliuliza shangazi yake, dada mdogo wa Fundi, aliyekuja kusaidia lakini mpaka hapo alikuwa amesaidia kuonja tu.

"Onja, shangazi."

Shangazi akaonja. "Mh. Chakula cha hospitali. Mtu anakula ili ameze dawa."

Wote wawili wakageuza shingo polepole kutazama kona ya jiko, ambako maembe yaliyosalia baada ya kubandika la maziwa yalikuwa kwenye karai, manono, mashavu mekundu, yakijifanya hayasikii.

"Atanusa," Mwiko alisema.

"Atanusa nini, na la maziwa liko hapo hapo linanukia nyumba nzima? Akiuliza, tunasema ni hilo. Mwanangu, leo una kisingizio kinachochemka jikoni. Hutakipata tena."

Mwiko alimenya mawili. Akayaponda, akayachuja kwa kichujio chake cha zamani, kile chenye pengo aliloahidi kuliziba tangu zama za hoteli, akamimina rojo kwa kuku. Mchuzi ukabadilika rangi, ukang'aa, ukaanza kuongea. Kwenye samaki akakwaruza bichi lililobaki la barabarani, kidogo tu, kama anayeiba.

Fundi aliketi mezani amevaa shati la kola ngumu, kama hakimu. Akanusa.

"Embe hilo?"

"La maziwa, baba. Liko jikoni linapoa."

"Hm."

Akamega samaki. Akatafuna. Akamega tena. Alipofika kwa kuku, akasogeza kiti karibu na meza. Shangazi alimkanyaga Mwiko mguu chini ya meza, Mwiko akamkanyaga pia. Mzee alikula mpaka akaanza kuifukuza michirizi ya mchuzi kwa tonge la wali, akazungusha sahani, akaifukuza upande wa pili.

"Kaka, hiyo sahani ina maua yake," shangazi akasema. "Usije ukayang'oa."

"Wewe kula chako." Akaegemea kiti, akapumua. "Mwiko, mama yangu, nimesema mengi juu ya upishi wako. Leo..."

Ulimi wake ulikuwa unazunguka huko nyuma kwenye magego. Akaingiza kidole, akavuta. Akatoa kitu kirefu, chembamba, cha njano.

Mwiko aligeuza macho jikoni. Aliliona lile pengo la kichujio kama lango lililofunguka.

"Ni uzi wa shati lako hilo," shangazi aliwahi. "Kola imechakaa, kaka."

Fundi hakuusogeza machoni. Aliufunga kati ya kidole gumba na cha shahada, akausugua, akauvuta mpaka ukakatika.

"Uzi wa pamba ukikatika unaacha manyoya," alisema taratibu. "Nailoni inateleza. Huu si wa pamba wala si wa nailoni. Nimeshika nyuzi maisha yangu yote, mnataka kunidanganya kwa uzi?" Akaegesha mkono mezani. "La maziwa bado liko jikoni. Huu umefikaje kinywani mwangu?"

Shangazi akajishughulisha na mfupa wa kuku.

"Nimeweka mimi, baba," Mwiko alisema. "Kwenye vyote viwili. Bila embe havikuwa na ladha, nikashindwa kukulisha chakula kibaya ili nipate chumba. Basi. Chumba bakia nacho."

Akainuka kutoa sahani.

"Kaa," Fundi alisema, na sauti haikuwa ya ugomvi. "Unajua kwa nini silitaki? Mama yako alipotuacha, ulikuwa ndiyo kwanza umeng'oka meno ya mbele. Kulikuwa na siku wali upo, mboga hakuna. Nakukatia embe juu ya wali, nanyunyiza chumvi, nakwambia ndiyo mboga. Ukila, mimi nageukia ukutani kwa aibu. Niliapa nikija kupata nyama, embe halitakaa tena kwenye sahani ya nyumba hii. Halafu mwanangu analiuza barabarani, watu wote waone tulivyokuwa tunakula!"

Mwiko alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kushika mbavu, machozi yakimtoka.

"Unanicheka?"

"Baba, mimi nilidhani ile ni sikukuu! Siku za maharage nilikuwa nanuna. Ulipotoa kisu na embe, nilikuwa nacheza mlangoni. Umesahau? Ulikuwa unanikataza, unasema nitamwaga wali. Unafikiri kuku huyu nimefundishwa hotelini? Hotelini walinifundisha kupanga vitambaa. Huyu ni wa kwako."

Fundi aliizungusha sahani yake tupu.

"Ulikuwa unacheza," alisema.

"Kama mwendawazimu," shangazi alithibitisha. "Na hana mdundo mpaka leo."

Mzee akanyanyuka, akaingia chumba cha mbele. Wakasikia shuka likivutwa, droo ikifunguliwa, mkasi ukipita kwenye kitambaa. Walipomfuata, walimkuta ameketi mbele ya cherehani na kipande cha bitana nyeupe, laini, kitambaa cha ndani cha koti la bwana harusi fulani ambaye hakurudi kulichukua.

"Kichujio chako ni aibu," alisema bila kugeuka. "Nakushonea mfuko wa kuchujia. Rojo utakalopitisha humu, hata mtoto mchanga hatapata uzi wa kumkera. Na meza zako utazipanga upande ule. Cherehani haitoki hapa, na mimi sitoki. Kila sufuria nitaonja kabla ya watu wako wa gereji."

"Sawa, baba."

Akachukua sindano, akachukua uzi, akavisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akavirudisha. Akavisogeza tena. Kisha, akitazama pembeni, akamnyooshea binti yake.

"Nitungie. Hizi za siku hizi, unajua mwenyewe."

"Viwanda hivi," Mwiko alisema, akautia uzi tunduni kwa mara moja. "Ubahili mtupu."