Maji Yaliyobaki Tumboni mwa Pampu

"Hili ninalokwambia ni kweli tupu, Risto, na kama nimeongeza hata chembe, meno yangu matatu yaliyobaki yang'oke hapa hapa!" Mzee Pando aliapa huku akisukuma toroli ndani ya karakana. "Nguruwe pori. Mkubwa kama trekta. Kashuka mlimani na njaa ya Januari, kaiona pampu yangu, kadhani ni jike. Pampu ikamkataa. Kaigonga kichwa, paa!"

Risto alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akainama. Ufa ulianzia kwenye kizibo cha juu ukateremka mpaka chini.

"Na ndevu alikuwa nazo, kama zako?"

"Cheka tu. Uzibe huo ufa kabla jua halijarudi. Kwa nje tu, lakini. Usifungue kitu."

Mkono wa Risto ulisimama, na papo hapo Pando akajua ameropoka. Yeye, ambaye tangu ujana alikuwa akifungua pampu za watu bila hata kuombwa, leo anasema usifungue!

Wazee hao wawili walikuwa na sheria yao ya miaka arobaini: ndani ya karakana hii, ukiapa kisha ukakamatwa na uongo, unalipa chochote mwenzako atakachotaka. Pando alishawahi kulipa jogoo, akalipa masharubu, na Pasaka moja akalipa kwa kulizunguka kanisa akiwa amevaa gauni la mkewe Slavka. Slavka alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini.

"Kingo za ufa zimefunuka kuelekea nje," Risto alisema. "Nguruwe wako alikuwa humo ndani?"

"Alikuwa amekonda."

"Pando! Hii ni barafu. Hukumwaga maji, yakaganda, yakaipasua! Wewe unayepita mlango kwa mlango kila sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, baridi inapoanza, unagonga mageti ya watu na spana: 'Fungueni vizibo vya chini, wavivu nyie, baridi haimjui mtu!' Mwaka huu hukupita. Nikasema mzee ana msiba, tumwache. Kumbe hata yako?"

Akachukua spana. Pando akaweka kiganja juu ya kizibo.

"Usifungue, ndugu yangu. Ikiyeyuka itamwagika."

"Si ndiyo dawa yake?"

"Ni maji ya Slavka."

Risto akaketi juu ya ndoo.

Pampu ya aina hii hujivutia maji yenyewe kutoka kisimani, lakini haianzi na tumbo tupu. Lazima kwanza mtu aishibishe kwa mkono. Ukiiwasha kavu, inaungua. Septemba Pando alikuwa ameifungua ili kubadilisha sili ya mpira iliyokuwa ikivuja. Slavka akaja na birika lake la buluu, akamimina lote, polepole, mpaka pampu ikajaa pomoni. "Kunywa, mlevi wewe," aliiambia, "usije ukaungua koo." Pando akafunga kizibo, akasema wataiwasha wakishakula. Maharage hayajapakuliwa, Slavka alikuwa sakafuni.

"Gari la wagonjwa lilipoondoka," Pando alisema, "nikakimbilia birika nimwagie maji njiani nyuma yake, kama tumwagiavyo kila msafiri: aende kama maji, arudi. Si unajua? Birika tupu, Risto! Kila tone liko ndani ya pampu. Nimesimama langoni na birika tupu kama mjinga, gari likakata kona ya kanisa."

Slavka hakufika hospitali.

"Basi sikuiwasha tena. Pilipili zikakauka shambani, watu wakasema Pando kazeeka. Waache waseme. Kila asubuhi nilikuwa naigonga kwa kidole, nasikia imejaa."

Risto ndiye aliyewasimamia harusi.

"Ungeniambia."

"Ungesema nimwage."

"Ningesema umwage, ndiyo." Akasimama, akavuta pua. "Umeapa, umekamatwa. Lipa."

Pando akatoa chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, mfukoni mwa koti.

"Rudisha hiyo. Kalete birika."

Pando alivuka barabara, akarudi nalo amelikumbatia. Risto akasogeza pampu karibu na jiko la kuni, na barafu ilipoanza kulegea akafungua kizibo cha chini. Maji yalitoka ya kahawia, yamejaa kutu, yakalijaza birika nusu.

"Yameharibika," Pando alisema.

"Ni yale yale."

Langoni kwake, mbele ya njia ile ile, Pando alisimama hata vidole vikafa ganzi. Risto hakumhimiza. Mwishowe mzee akaliinamisha birika.

"Nenda kama maji, Slavka," alisema. Lile neno la kurudi hakulisema.

Maji yakateremka hatua tano, sita, kuelekea kona ya kanisa, kisha baridi ikayashika.

"Umelipa," Risto alisema.

Pando alilitikisa birika karibu na sikio, akasikia bado kuna tone. Akaliinamisha tena, akangoja mpaka likadondoka.