Ndani ya Sanduku la Loisi

Mama mwenzangu, kama una mtoto ambaye kila anachokigusa kinatengemaa, usikimbilie kufungua uone ndani. Mimi nilifungua. Ndiyo maana naandika, ingawa shule yangu ni miaka mitatu tu ya misheni kule Mpwapwa na mistari yangu inapanda na kushuka.

Mwaka ule reli ya Mdachi ilikuwa imeshapita Dodoma ikafika kwetu Zuzu. Walipokuwa wakishusha vyuma, kimoja kiliniangukia goti la kushoto, likasagika. Waganga wetu na wa misheni, kwa mara ya kwanza, walikubaliana: huyu hatembei tena. Binti yangu Loisi, wa miaka kumi na saba, akaokota mabati na mikanda chakavu, akaniundia gango la kufunga mguuni, na nyuma ya goti akaweka chuma kilichopinda. Alipomaliza akalitemea mate kidogo.

"Simama, mama."

Nikasimama. Mwezi haujaisha nilikuwa nashuka mlimani na mzigo wa kuni kichwani. Nilijisifu, jamani. Kila mgeni nilimfunulia goti.

Yale mate yangenishtua, kama ningetaka kushtuka. Mama yangu mzazi alizitemea mbegu hivyohivyo kabla ya kupanda. Yeye ndiye aliyekuwa akiita mvua kabla hatujabatizwa. Mambo hayo tuliyaacha, na Loisi sikumsimulia hata siku moja.

Kiangazi kilipokaza, kisima cha korongoni kikabaki tope. Loisi akaunda mtambo: gurudumu la kitoroli kilichovunjika, madebe manne, kamba ya gome la mbuyu, na sanduku la mbao lililopigiliwa misumari pande zote. Unazungusha mara tatu, unaacha, linaendelea lenyewe. Madebe yakashuka matupu yakapanda na maji meupe. "Sanduku msiguse," alituambia. "Vumbi litakula meno ya vyuma vya ndani."

Siku ya tatu akaja Athuman, Mrangi wa Kondoa, nyapara wa stesheni.

"Hodi, Mama Loisi! Nyie Wagogo, juzi ng'ombe wenu walikuwa wanalamba mawe, leo wanacheua maji. Mmemwibia nani?"

"Tumwibie nani, na nyie Warangi mlishapita mkabeba vyote?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Bwana Mdachi wa stesheni anautaka mtambo. Gari la moshi nalo lina kiu."

Vibarua wake wakaubeba. Kule kisima cha stesheni kilikuwa kikavu, na mtambo ukakataa kabisa. Bwana akaupiga teke, akatuma askari wamlete Loisi. Binti akakaza kamba, akatema mate yake, gurudumu likaanza kuzunguka. Maji hayo! Bwana akapiga makofi kama mtoto, akasema maneno marefu ya kwao.

Athuman aliyatafsiri huku akitazama viatu vyake. "Binti na mtambo wanaondoka na gari la Ijumaa. Pwani, halafu Ulaya, wakubwa wauone."

"Atarudi lini?"

"Hakusema, mama. Sila wa Mvumi alichukuliwa akawaonyeshe ngoma. Umeshamwona tena?"

Loisi mwenyewe alifurahi! "Nitakuletea cherehani, mama." Tangu hapo hawakumruhusu kurudi nyumbani. Alilala kwa Mwantum, mke wa Athuman, hatua chache kutoka kisimani, na askari mlangoni.

Alhamisi nilimpelekea mlenda. Alikuwa anaoga nyuma ya nyumba. Mtambo ulikuwa unazunguka, Athuman kauegemea. Nikawaza: nikiung'oa jino moja tu, Bwana hana cha kupeleka. Nikachukua panga la Athuman, naye akatazama pembeni, nikabandua kifuniko.

Ndani mlikuwa na magunzi matatu ya mahindi. Mfupa wa mbuzi. Kigae cha chungu. Uzi mmoja, haukufungwa popote. Mti wa gurudumu uliingia kwenye tundu la ubao ukaishia hapo, haugusi kitu. Na gurudumu linazunguka! Maji yanamwagika miguuni pangu!

"Audhubillahi," Athuman akasema. "Funika, mama. Funika!"

Sikuwahi kufunika. Ndipo Loisi akatoka, kanga imelowa mabegani.

"Mama! Si nilisema vumbi?"

"Meno yenyewe yapo wapi, mwanangu?"

"Si hayo." Akaanza kunionyesha, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Hili kubwa linalisukuma hili dogo, dogo linalivuta hili la nyuma." Kidole chake kilikuwa kimeligusa gunzi. Hakuwa anadanganya. Meno aliyaona kweli.

Hapo nikajua namna ya kumzuia asiondoke. Sikupima mara mbili.

"Hilo ni gunzi, Loisi. Huo ni mfupa. Bibi yako alikuwa akiita mvua, nikakuficha. Maji hayafuati mtambo. Yanakufuata wewe."

Alianza kucheka, kisha akainama. Alitazama muda mrefu. Niliona macho yake yakihama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na kila kilipoachwa ni kama kilizimwa. Gurudumu likasimama. Debe lililokuwa likipanda likarudi chini, likagonga jiwe kavu.

Nilifurahi. Niseme kweli, kwa pumzi moja nilifurahi.

Halafu nikaanguka.

Maumivu ya goti yalirudi yote kwa pamoja, kana kwamba kile chuma cha reli kilikuwa juu yangu siku zote. Nilishika gango kwa mikono miwili. Bati lilikuwa bati. Mkanda ulikuwa mkanda. Lakini nyuma ya goti, pale palipokuwa na chuma nilichokifunga kila asubuhi kwa vidole vyangu hivi, palikuwa na bua la mtama, limevunjika katikati.

"Mama," Loisi alisema, "na hilo pia?"

Nililifunika bua kwa kiganja.

Ijumaa Bwana alizungusha mara tatu, mara thelathini, akatukana, akaamuru mbao ziwe kuni. Gari likaenda bila binti yangu.

Kwa hiyo Loisi ninaye. Anasonga ugali, anateka maji mbali pamoja na wenzake, na mimi naburuta mguu kwa fimbo aliyonichongea jirani yetu Petro. Juzi mlango wa zizi ulilegea, ukitaka msumari mmoja tu. Loisi akasimama pale na nyundo, msumari kiganjani, akaugeuzageuza.

"Mama, huu ni msumari?"

"Ni msumari, mwanangu."

"Una hakika?"

Nikatazama. Nikatazama tena. Kabla sijajibu alikuwa ameshauweka chini, amekwenda kumwita Petro.