Kidonda cha Kuimbia

Katika shule ile ya sanaa za jukwaani, ghorofa ya sita, Manhattan, kulia machozi kulikuwa somo. Halikuandikwa kwenye ratiba, lakini aliyejua kulia alipewa nafasi, na asiyejua alikaa chini akawapigia wenzake makofi. Yesenia Cordero alikuwa mwaka wa nne, mwaka wa mwisho, na hajawahi kudondosha chozi hata moja mbele ya Mwalimu Lindqvist. Sauti alikuwa nayo, tena ya kumwamsha aliyezimia. Chozi ndilo hakuwa nalo.

Kila masika shule ilitoa mchezo mmoja mkubwa wa nyimbo, na mawakala wa kumbi za mjini walikuja kuutazama. Mwaka huo mhusika mkuu alikuwa msichana, na Yesenia aliitaka nafasi ile hadi akawa anaiota.

Mwalimu Lindqvist alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuimba, wasichana wote waliketi sakafuni kwa duara, na kila mmoja alieleza kidonda cha moyo wake.

"Sauti bila kidonda ni kelele," alisema, akitafuna saladi kutoka kwenye bakuli la plastiki.

Basi vidonda vikatafutwa kama nguo za sikukuu. Mmoja alimlilia paka. Mwingine alililia talaka ya wazazi wake, ambao Yesenia alikuwa amewaona Jumapili iliyopita dukani, wameshikana mikono, wanabishana juu ya jibini. Kisha zamu ikamfikia Brielle Haverford, mtoto wa jengo lenye bawabu mlangoni, shingo ndefu, pumzi fupi. Brielle alimlilia bibi yake, marehemu.

"Huyu bibi wa ngapi?" Yesenia alimnong'oneza Tamsin, rafiki yake.

"Wa tatu. Wa kwanza alikufa tukiwa mwaka wa kwanza, Brielle akapewa nafasi ya malkia mchezoni."

"Maskini. Ukoo wenye mabibi wengi hivyo hauishiwi misiba."

"Nyamaza, shoga, utanichekesha, na mimi nafuata. Nina mjomba mahututi."

"Mjomba gani?"

"Bado sijamchagua."

Zamu ya Yesenia ilipofika, alisimama. "Sina kidonda, Mwalimu. Baba anatengeneza lifti, mama anafanya kazi kwa daktari wa meno, wote wazima, tena wanapendana mpaka wanachosha."

"Unajificha, Cordero."

"Sijajificha, niko mbele yako. Naomba niimbe."

Akaimba. Bi Oksana, mpiga piano, ambaye kwa kawaida alipiga huku akiitazama saa ya ukutani, aliinua kichwa na hakukiinamisha tena. Ile noti ya juu ya mwisho wa wimbo, iliyowashinda wengi, Yesenia aliifikia bila kukunja uso, akaishika, akaishusha polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Brielle aliimba wimbo uleule. Alipofika pale alifumba macho, akakaza ngumi, akatoa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Machozi yake, kusema kweli, yalikuwa ya daraja la kwanza.

Ijumaa baada ya masomo orodha ilibandikwa. Pembeni pake kulikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi, maana kanuni ya shule ilikuwa moja: unaiona nafasi yako, unaandika herufi za mwanzo za jina lako kando yake, umekubali. Usipoandika, huna nafasi yoyote katika mchezo ule. Hakuna kujadiliana.

Mhusika mkuu: Brielle Haverford. Yesenia alishusha macho mstari baada ya mstari, mpaka chini kabisa. Sauti ya nyuma ya pazia, wimbo wa mwisho: Y. Cordero.

Alisoma mara mbili. Atasimama gizani atoe ile noti, na Brielle atasimama kwenye taa afungue mdomo.

"Yesi, mpenzi, usinune," Brielle alisema nyuma yake. Herufi zake alikwisha kuziandika, kubwa kama bango. "Tutakuwa kitu kimoja. Mimi uso, wewe koo."

"Na mawakala watakuja kuniangalia nyuma ya pazia?"

"Mama amewaalika watatu. Tafadhali. Ukikataa utabaki mikono mitupu, na mwaka ndio unaisha."

Hapo hakudanganya. Hapakuwa na mchezo mwingine, wala masika mengine.

Mwalimu Lindqvist alitokea mlangoni. "Kuna tatizo?"

"Ulisema sauti yangu ni kelele, Mwalimu. Sasa unaiazima ya nini?"

"Jukwaa ni kujitoa, Cordero. Jifunze unyenyekevu."

"Nimekuelewa. Nijitoe mimi, apokee yeye."

Akaivuta kalamu, akalikata jina lake kwa mstari mmoja uliopasua karatasi.

Jumatatu alipelekwa, kama wote wasio na nafasi, kwa wapaka rangi wa mandhari ya jukwaa. Mazoezini Bi Oksana aliamriwa aushushe wimbo ngazi tatu za sauti, naye akaupiga kama mtu anayeteremsha taka. Brielle akaifikia noti yake mpya, ya chini, isiyomtisha mtu. Mwalimu Lindqvist akapiga makofi, akasema sasa anausikia uchungu.

Yesenia alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa mbao, brashi mkononi. Noti ya kweli ilimwasha kooni kama mwiba wa samaki. Tamsin, aliyepata nafasi ya jirani kwa nguvu za mjomba, akachutama kando yake.

"Unajuta?"

"Najuta."

"Si ungeandika tu zile herufi?"

"Ningejuta zaidi, kila siku nyuma ya pazia." Akachovya brashi. "Sogea, shoga, unanizibia mwanga."