Mti wa Kumi na Mbili

Ami yangu Awale aliapa talaka tatu mbele ya wagema ubani wote. "Kama magunia haya yana kitu zaidi ya utomvu wa mti wa aina moja, Dahabo si mke wangu!"

Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameandika kwamba mafuta yetu ya ubani yametiwa kemikali ya kiwandani. Ami alikuwa hajawahi kuitwa mwizi. Ulimi ukaitangulia akili.

Mimi ndiye ninayekeneka mafuta hapa mjini Erigabo, kuyatoa utomvuni kwa mvuke, na mashine ya kuyachambua ni yangu. Kwa hiyo ndoa ya miaka thelathini na mmoja ikawekwa mezani pangu.

Nikamtuma ami miambani akalete utomvu wa miti kumi na miwili, wa kila mti umefungwa katika kitambaa chake, pamoja na tawi lake.

"Tawi la nini? Majani ni habari za mbuzi."

"Lete tu, ami."

Akamgeukia mkewe, ambaye mimi humwita Mama Dahabo. "Unamsikia msomi wetu? Tumemsomesha, amerudi kula majani."

"Nenda, mzee," Mama Dahabo akasema. "Kinywa chako kimeshafanya kazi. Sasa ni zamu ya miguu."

Aliporudi nikausugua mtambo wa kukenekea hadi vidole vikachubuka, nikakeneka mti mmoja mmoja. Tone la mafuta, mashine, karatasi. Mti wa kwanza, safi. Wa tano, safi. Wa kumi na moja, safi, na kila karatasi safi ilizidi kutunyonga: kama kemikali ile haimo mtini, basi imetiwa na mkono wa mtu wetu.

Mama Dahabo alikaa sakafuni akichambua ubani kwa ukubwa na rangi, kama wanawake wetu wachambuavyo siku zote. Hakuuliza kitu. Ami alisimama mlangoni, midomo ikimcheza kwa dua.

Mti wa kumi na mbili, mstari wa kemikali ile ukaruka juu ya karatasi kama mnara.

"Imo mtini!" nikapiga kelele. "Hatukutia kitu!"

Ami akasujudu palepale. Nami nikaliinua lile tawi nililohifadhi, nikalilinganisha na mengine. Matawi kumi na moja yalikuwa na vijani vidogo viwili viwili kwenye kikonyo. Hili lilikuwa na jani moja moja, pana.

"Ami, mti huu ni upi?"

"Ule ule. Baba aliugema, babu aliugema. Huko juu imejaa."

"Si ule ule. Ni aina nyingine. Mmekuwa mkiichanganya tangu zamani."

Nilitamani kuitafuna ile karatasi.

"Usipoipeleka kwa mnunuzi?" Mama Dahabo akauliza.

"Familia sitini za wagema zitabaki na jina la wizi."

"Basi ipeleke."

"Dahabo, sikujua!" Sauti ya ami ilipasuka. "Wallahi sikujua! Twende kwa sheikh, atatazama…"

"Wewe nenda. Mwambie ulivyoapa, neno kwa neno, usipunguze."

"Na wewe?"

Alikung'uta vumbi la ubani mapajani, akavuta shela yake, akaufunika uso mpaka chini ya macho, kama afanyavyo anapoingia mwanamume wa kando.

"Dahabo, ni mimi."

"Nakuona," akasema, na akageukia ukutani.