Nyumba Imevuka Mpaka

Redio ilipotangaza mvua kubwa na upepo mkali kwa siku tatu, Magreth alikuwa ameshapandisha matairi manne juu ya mabati na anatafuta la tano. Alikaza kenchi kwa waya, akakata matawi ya mgrivelia yaliyoegemea jikoni, akajaza mchanga kwenye viroba na kuvipanga mlangoni. Mahindi aliyaweka darini. Kwa mjane wa miaka sitini na moja, kazi ilikuwa safi.

Kilichobaki ni mfereji, na mfereji haukuwa wake tena. Ulipita upande wa juu wa kihamba, shamba la nyumbani, ukichepusha maji ya mlimani yasifike nyumbani. Mwaka jana, matanga ya mumewe hayajapoa, shemeji yake Manase alisogeza mpaka hatua ishirini kuteremka, akafukia mfereji na kupanda migomba. Kisha, mtu mwenye adabu zake, akaja na tawi la isale mkononi kuomba msamaha. Pale kijijini Akheri, aliyeletewa isale hakatai. Magreth alisamehe mbele ya wazee. Manase akashukuru, akaliomba tawi lake, akaenda kulipanda kwenye mpaka mpya, nalo likashika vizuri.

"Shemeji, niruhusu nifukue mfereji kwa siku hizi tatu tu," Magreth alimwambia asubuhi ile.

"Shemeji yangu, hayo si tulishayamaliza?" alijibu Manase kwa upole. Upole wa Manase ulimkera Magreth kuliko matusi.

Saa tisa alasiri nyumba ilinyanyuka. Ilianza baraza, ikafuata sebule, jiko likaja nyuma. Ilipanda taratibu ikikwepa mibuni, ikavuka isale bila kuvunja jani, ikatua juu, pakavu, kwenye zile hatua ishirini. Viroba vilibaki chini vikilinda mlango usiokuwepo. Tairi moja lilianguka. Magreth akaliokota, akaegemeza ngazi, akalirudisha. Alifurahi mpaka akaona aibu kidogo. Akaingia ndani kubandika chai.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Sumari, alifika na futi yake ya kupimia. Hakuuliza nyumba imetembeaje. Alisema hata ya marehemu baba yake iliwahi kusogea, ila yenyewe haikutoka kwao. Akapima mara mbili.

"Imeingia kwa Manase mita kumi na nne."

"Mzee, hapo palikuwa petu. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua, mama. Lakini ulisamehe, na mimi nilikuwepo. Irudi kabla ya mvua, maana matope yakishaanza itasumbua."

Manase na wanaume sita wa kwaya waliisukuma. Haikutikisika. Ndipo Manase akakata tawi la isale pale mpakani, akamnyooshea Magreth kwa mikono miwili.

"Nakuomba, shemeji. Labda wewe itakusikia."

Magreth aliutazama mkono wake ukilipokea.

Matone ya kwanza yalikuwa yanagonga mabati aliposimama mbele ya mlango waliopaka rangi yeye na mumewe. Alitamani nyumba ikatae. Alitamani kwa moyo wote kwamba katika ukoo huu apatikane mmoja wa kukataa, hata kama ni wa matofali.

"Nisamehe," aliiambia. "Nakurudisha kwenye maji."

Akaweka isale kwenye kizingiti. Nyumba ilikuwa ya Akheri kama wao. Ilitulia kidogo, kisha ikageuka, ikateremka, ikatua nyuma ya viroba, sawasawa kabisa.

Manase alishukuru sana. Aliliokota tawi, akalipanda kwenye pengo lililokuwa limebaki mpakani, udongo ukiwa tayari umelowa. Mzee Sumari alikunja futi, akasema jambo limekwisha vizuri, akafungua mwavuli.

Magreth aliingia ndani, akapandisha viti juu ya meza, akaketi kitandani na viatu mapajani. Maji yaliingia saa kumi na mbili kasoro, kwa mlango wa nyuma.