Makopo Aliyoyaacha Wifi

Kabla ya alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala, ulisikika mlio mmoja kutoka chumba cha mbele. Ulikuwa mlio mnene, uliotulia, kama watu walioanza wimbo kwa pamoja kisha wakaghairi. Mama Skrubu alifumbua macho gizani. Aliujua mlio ule kama alivyojua mlio wa bawaba za mlango wake. Ilikuwa kompyuta ya kijivu ya marehemu mumewe, ile ya Apple yenye kioo kipana. Ilikuwa inaamka, na hakuna mtu aliyeiwasha.

Alikaa kitandani mkono kifuani. Kisha akakumbuka, akacheka peke yake. Jioni alikuwa ameitia betri mpya ya saa, ile bapa kama kifungo cha koti, akairekebisha tarehe. Marehemu aliwahi kuiamuru iwake yenyewe kila siku wakati huo, ili akitoka kunawa uso aikute tayari inamngoja. Saa ilipokufa, amri ikalala. Saa ilipofufuka, amri ikafufuka nayo.

"Haya, bwana wangu," akaliambia giza. "Na wewe umeamka mapema. Leo ndiyo leo. Dada yako anakuja."

Dada wa marehemu, yaani wifi yake, alikuwa ametuma ujumbe kwamba atapita asubuhi. Mama Skrubu aliingoja asubuhi hiyo kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja chungu kichemke bila kukifunuafunua.

Chanzo chake kilikuwa hiki. Marehemu alikuwa fundi kompyuta, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake. Hata maua ya kaburini hayajanyauka, wifi alikuja na gari la mizigo na vijana wa kubeba. Akapita chumbani akionyesha kwa kidole: hii, na hii, na ile. Walibeba kila kilichong'aa: kompyuta mpya, mashine ya kuchapia, hata meza. Kwenye sakafu likabaki rundo la kompyuta za Apple za zamani, nyingine nyeupe zilizogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, nyingine za bati, zile ambazo kiwanda kimeshaacha kuziletea mfumo mpya.

"Haya makopo nakuachia, wifi," alisema mlangoni, majirani wakisikia. "Yamekufa kama mwenyewe alivyokufa. Na wewe utayafanyia nini? Kazi yako ilikuwa kumshikia tochi tu."

Mama Skrubu alishika fremu ya mlango asianguke. Jirani wa ng'ambo, mwanamke ambaye hata hawakuzoeana sana, alivuka barabara na kiti chake mwenyewe, akamkalisha, akasimama nyuma yake mpaka gari likaondoka. Mambo kama hayo mtu hayasahau.

Ni kweli alikuwa akishika tochi. Lakini anayeshika tochi huona kila kitu, maana asipoona yeye, fundi naye haoni. Alijua skrubu zipi zina kichwa cha nyota, na kwamba lazima zipangwe juu ya kitambaa kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Alijua kompyuta hizi zenye kioo kilichoshikwa kwa sumaku hufunguliwa kwa vikombe vya mpira vya kunyonya, vile vya kutundikia taulo bafuni. Zile zilizokuja baadaye hugandishwa kwa gundi.

Basi akaanza, na msidhani alianza kwa mapenzi. Alianza kwa hasira. Kila skrubu aliyoilegeza, alimlegeza wifi yake meno.

Alikosea mengi. Moja aliipasua kioo akalia. Nyingine betri yake ilikuwa imevimba kama shavu la mwenye jino bovu, akaitoa kwa jasho la woga. Ile ya gundi ilimshinda mpaka mwenye saluni alipomwazima mashine ya kukaushia nywele.

"Ya kulainishia gundi?" mwenye saluni alishangaa. "Haya, chukua. Lakini ukimaliza na kompyuta, niletee na hicho kichwa chako, maana nacho kimeganda."

Polepole makopo yakaanza kufumbua macho. Alichogundua ni kwamba mengi hayakuwa yamekufa, yalikuwa yamechoka tu. Alitoa diski za zamani zenye sahani inayozunguka, akatia hizi mpya zisizo na kitu cha kuzunguka, akaongeza kumbukumbu pale paliporuhusu, na kompyuta iliyokuwa ikijivuta kama kobe mjamzito ikatembea. Zile ambazo mfumo wake wa zamani haukufaa tena kwenye intaneti, alizitia Linux, mfumo wa bure. Zingine aliziacha na mfumo wake wa ujanani, akazikataza intaneti kabisa, zikabaki za kuandikia au za muziki.

Kulikuwa na ujanja mmoja uliompendeza kuliko yote. Ukitaka kurudisha mfumo wa zamani kwenye kompyuta ya zamani, mara nyingi hukataa, husema vyeti vyake vimepitwa na wakati. Basi unairudisha tarehe nyuma, unaidanganya kwamba bado ni miaka ileile, na hapo inakubali bila kinyongo. "Afadhali yako," Mama Skrubu aliwahi kuiambia mojawapo. "Mimi nikirudi nyuma napata kinyongo zaidi."

Na kisasi chake kilikuwa hiki. Hakuuza makopo yale ovyo. Aliyapeleka mahali wifi yake anapopita. Moja likaenda saluni, kucheza muziki, mbele kabisa ya kiti ambacho wifi hukikalia akisukwa. Moja likaenda kwa fundi cherehani wake, kutunza vipimo vya wateja. Moja likawekwa mapokezi ya zahanati anakopimwa presha, na watu wakasema presha yenyewe ilipanda siku hiyo. Kila wifi alipokwenda, tufaa lile la nembo ya Apple lilimkodolea macho.

"Hii umeitoa wapi?" aliuliza kwa fundi cherehani.

"Kwa wifi yako. Si ndiyo yale makopo?"

Mama Skrubu alisimuliwa hayo, akalala usingizi mtamu usiku ule.

Ile ya kijivu aliiacha mwisho, kwa sababu ilikuwa ya marehemu mwenyewe. Ilipowashwa ilionyesha alama ya kuuliza tu, ikipepesa, kama mtu aliyesahau jina lake. Alipoifungua alikuta waya wa diski umechoka. Akaubadilisha. Kompyuta ikawaka, saa yake ikiwa imekufa, ikiamini ni mwaka wa zamani mno. Kwa hesabu yake, marehemu alikuwa hata hajamwoa.

Ndani yake, kabla hajanakili chochote, alikuta sauti.

Mama mkwe alimalizia siku zake katika chumba cha nyuma cha nyumba hii. Mwanawe alikuwa akiibeba kompyuta hii mpaka kando ya kitanda, akimrekodi akiongea. Mama Skrubu alijua hilo, lakini hakuwahi kusikiliza. Aliposikiliza, alikuta hadithi, vicheko, dawa za kikohozi, na mahali pamoja ambapo mama mkwe alimsema binti yake. Alimsema mpaka akamkausha. Kisha yakafuata maneno mengine kidogo, laini, na rekodi ikaisha.

Mama Skrubu alirudia kusikiliza hapo. Na akaamua. Wifi akija, atasikia yale makali. Yale laini hatayasikia. Kidole kitakuwa juu ya kile kibonye kirefu kinachosimamisha sauti, na yakikaribia, atakibonya.

Alijua tu kwamba atakuja. Alimnong'oneza mwenye saluni kwamba sauti ya mama mkwe imo kwenye kompyuta, na saluni haina kufuli.

Wifi alibisha hodi jua lilipochomoza. Amepungua, Mama Skrubu aliona. Alibeba kompyuta mpya, nyembamba kama sahani, kifuani.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Kaa." Akamwonyesha kigoda. Kiti chenye mto, ambacho zamani kilikuwa kando ya kitanda cha mama mkwe, alikikalia mwenyewe. Alikuwa na sababu yake.

Wifi akakaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Akatazama kompyuta ya kijivu.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Ulipita mbele yake ukasema takataka."

"Nilisema."

"Ulibeba zinazong'aa. Mama yako alikuwa humu."

"Mjukuu wangu aliniuliza bibi mkubwa alikuwa akiongeaje. Nikafungua mdomo nimwigize. Sikuipata sauti, wifi. Nimetafuta kichwani, haipo. Niwekee humu, nitaondoka, sitakusumbua tena."

Akanyoosha ile kompyuta mpya. Mama Skrubu aliipokea kwa vidole viwili, akanakili rekodi, akaibonyeza. Kompyuta mpya ikasema haitambui faili ya aina hii.

"Unaona? Kompyuta yako haimjui mama yako."

Alijua njia. Ingetosha kuigeuza rekodi kuwa ya aina inayofunguka popote, kazi ya kubonyeza tu. Hakuisema.

"Basi nisikie hapahapa," wifi alisema. "Mara moja tu."

Mama Skrubu akaweka kidole juu ya kibonye. Akabonyeza.

Kwanza kikohozi. Halafu sauti ya mama mkwe, kavu na ya karibu, kana kwamba amekaa kitandani nyuma ya pazia.

"Kibuyu alikuja jana," ilisema. "Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba begani kama mtu anayeuliza njia. Akaziba pua, akadhani sioni. Huyu nilimnyonyesha mpaka akaota meno ya kuning'ata, leo mimi ndiye ninayenuka? Mke wa mwanangu ananikata kucha, ananiosha miguu, sijamsikia akiguna. Na si damu yangu. Kibuyu, wewe uliye damu yangu, aibu umeiweka wapi? Katika mkoba huo?"

Mama Skrubu akabonyeza, sauti ikakatika. Akageuka kumtazama, maana hiki ndicho alichokingoja tangu siku ya gari la mizigo: kuuona uso ule ukivunjika.

Wifi alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikitembea, ikiyafuata maneno.

"Rudia," alisema.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Rudia. Hapo aliposema Kibuyu."

Mama Skrubu akarudisha. Mama mkwe akamsema binti yake upya, pua, mkoba na aibu. Wifi akainama karibu na spika mpaka paji la uso likakaribia kugusa bati.

"Rudia tena."

"Wewe mwanamke, unatukanwa!"

"Na nani mwingine atanitukana hivi?" Machozi yalikuwa yakimdondoka bila kujifuta. "Hakuna mtu aliyebaki duniani anayeniita Kibuyu. Wote wananiogopa. Rudia, wifi, tafadhali. Anitukane."

Mama Skrubu aliirudisha mara nyingine. Hasira yake ilikuwa palepale, haikwenda popote, ila ilikuwa imekosa pa kukaa. Alijitayarisha miaka yote kumpiga mtu, na mtu mwenyewe ameleta shavu na kuomba kofi jingine. Kisasi gani hicho?

Akatazama kidole chake juu ya kibonye. Kucha yake ilikuwa na weusi wa mafuta. Mama mkwe alizoea kumshika mkono huo akiisha kuoshwa miguu, akausugua polepole mpaka upate joto, bila kusema asante, maana alisema asante hukaukia mdomoni.

Sauti ikafika penye "katika mkoba huo." Kidole hakikushuka.

Kikohozi kingine. Kitanda kikalia. Marehemu akasikika kwa mbali akisema, "Pumzika, mama." Na mama mkwe akasema:

"Ngoja kwanza. Kile kiti chenye mto ni cha Kibuyu. Msikikalie. Ana mgongo mbaya tangu mdogo, ndiyo maana hakai, mtoto wangu, hakai popote. Mwambieni kiti kipo. Mwambieni aje tena."

Rekodi ikaisha.

Wifi alikigeukia kiti. Mama Skrubu akasimama kama aliyekalia kaa la moto, akakipangusa mto kwa kiganja.

"Kaa."

"Si unakaa wewe."

"Kaa, nimesema! Huyo mgongo wako si wa kigoda."

Wifi akakaa. Alikaa taratibu, kama mtu anayejaribu kiti cha dukani. Wakabaki hivyo, mmoja kitini, mwingine amesimama, kompyuta ya kijivu ikivuma kidogo katikati yao.

"Sijakusamehe," Mama Skrubu alisema.

"Najua."

"Ulinitoa utu mbele ya watu, mume wangu hajapoa kaburini."

"Nilikutoa. Na meza nilibeba." Wifi akafuta pua kwa mkono kama mtoto. "Meza nitairudisha."

"Rudisha. Lakini rekodi sikupi. Najua namna ya kuifanya ifunguke kwenye hiyo sahani yako, na sikufanyii. Ukimtaka mama, utakuja hapa, utagonga mlango huu ambapo ulisimama siku ile, na utanisalimia mimi kwanza."

"Unanifunga kamba, wifi."

"Nakufunga. Tena fundo la kukaza."

Wifi akacheka, kicheko kidogo chenye kamasi, na Mama Skrubu akageukia dirisha haraka ili usoni pasionekane kitu.

"Inawaka yenyewe kabla ya alfajiri," alisema akiwa amempa mgongo. "Mimi nitakuwa naamka nayo. Mlete na huyo mjukuu, asikie bibi mkubwa anavyotukana." Akahangaika na skrubu mfukoni mwa aproni. "Si mimi ninayekuomba, usivimbe kichwa. Mama ndiye kasema. Uje tena."